Mbwa Asiyenunuliwa

Mimi ni mchora mabango. Kazi hii nilijifunza mwenyewe baada ya darasa la saba, kwanza kwa kunakili herufi za kwenye magunia ya mbolea, baadaye kwa kusoma kila kitabu nilichokipata kilichohusu herufi, nafasi kati ya maneno, na umbali ambao mtu anayetembea anaweza kusoma bila kusimama. Mabango mengi ya mashine za kusaga, saluni na maduka ya dawa kutoka Masumbwe mpaka Ushirombo yametoka mkononi mwangu. Nayataja haya kwa sababu habari hii ni ya bango moja, na maneno ya bango hilo niliyapanga mimi.

Ilianza na wizi. Kibanda changu cha kazi kilivunjwa mara tatu katika kiangazi kimoja, na kila mara walichukua makopo ya rangi yaliyojaa wakaacha yaliyobaki nusu. Nilibadilisha kufuli mara mbili. Baada ya mara ya tatu mke wangu aliniuliza, "Fundi, hilo kufuli lako linabweka?" Ndivyo anavyoniita nikiwa nimemuudhi: fundi, kama wateja.

Kwetu mbwa hauzwi. Unapita kwa jirani ambaye mbwa wake kazaa, unaomba, unaonyeshwa wa kwako. Kisha unamtengeneza awe mkali. Nilipokuwa na miaka minane nilimshika mtoto wa mbwa magotini wakati baba akimkata masikio kwa wembe, kwa kuwa iliaminiwa kwamba mbwa mwenye masikio mafupi anasikia zaidi. Tukamlisha ugali wenye pilipili na nyigu waliopondwa. Akawa mkali kweli. Alimng'ata shangazi yangu kwenye paja, na baba akammaliza kwa shoka siku hiyo hiyo. Sikutaka kurudia hayo, ndiyo maana nilikwenda ghalani.

Ghala lenyewe lilikuwa la pamba, la chama cha ushirika kilichokufa. Mama mmoja, mstaafu wa idara ya mifugo, alilipanga akalifanya makazi ya mbwa walioachwa. Watu walimwita Daktari, nusu kwa heshima, nusu kwa kumcheka. Mbwa wake karibu wote walitoka machimboni. Wachimbaji wakisikia dhahabu imetoka mahali pengine, wanahama kwa siku mbili: wanang'oa maturubai, wanabeba mashine, wanabeba wanawake. Mbwa wanabaki wakilinda majivu ya jiko. Yeye alikuwa akiwafuata na pikipiki ya matairi matatu, anawachanja, anawafunga kizazi, anawalisha dagaa na pumba.

"Shikamoo mama," nilimwambia.

"Marahaba. Umekuja kuchukua au kutupa?"

"Kuchukua."

"Basi keti. Wa kutupa huwa hawakai."

Alinihoji kama mtu anayeoza binti. Maji yako karibu? Utamfunga kwa kamba au kwa waya? Nyumbani nani ana hasira? Mwisho akauliza kama niliwahi kumkata mbwa masikio.

"Nilishika," nikasema. "Aliyekata ni baba."

"Wengi husema hawajui hata wembe ukoje," akasema, akainuka kuniletea mbwa.

Alikuwa jike mzima, wa kahawia mwili mzima bila doa, na shingoni alikuwa na duara lisiloota manyoya, mahali waya ulipokuwa umezama. Daktari aliandika karatasi. Aliandika moja kwa kila mbwa aliyetoka, kwa maneno yale yale: kwamba amemtoa mbwa huyu bila malipo, kwa hiari yake na kwa moyo mweupe, na anayempokea ameahidi kumtunza. Alisaini, akagonga muhuri wake wa zamani wa kazini, ambao nadhani hakupaswa kubaki nao.

Mke wangu alipotuona tunaingia alisema, "Umekwenda kuokota mbwa wa machimboni. Hata mke utakuja kuokota huko."

Nina tabia ya kuandika mambo. Katika miezi iliyofuata niliandika faida za yule mbwa, kila moja baada ya kuihakikisha, kwa sababu nilitaka kujua kama Daktari alisema kweli. Alisema kweli. Mbwa mzima umeshaona tabia yake. Hutabiri, unatazama tu. Alikuwa amechanjwa, na kadi yake ipo. Hakuvuta madume uani, kwa hiyo sikuwa na ugomvi wa mbwa kwenye ua wala watoto wa mbwa wa kutupa. Alikuwa amejua njaa, na labda kwa hiyo alijua nyumba ni nini: hakugusa kuku hata mmoja. Hakubwekea wapita njia. Aliwabwekea wawili tu, mchana mmoja, waliokuwa wamesimama nyuma ya kibanda bila sababu, na wizi ukaisha. Nilianza kutembea naye alfajiri, na muuguzi wa zahanati aliyekuwa akinipima shinikizo la damu akaniuliza nimeacha chumvi au nimefanya nini.

Kulikuwa na faida nyingine ambayo sikumwambia muuguzi. Watoto wetu walikwisha kuondoka, mmoja Kahama, mmoja Mwanza, na mimi na mke wangu tulikuwa tumebaki na maneno ya lazima tu: maji, chakula, funga mlango. Mbwa alitupa kitu cha kubishania. Alilala mlangoni kwa mke wangu, si kwangu, na mke wangu akawa anamsema siku nzima huku akimwekea ukoko.

Halafu mtoto mmoja katika kata yetu aling'atwa na mbwa asiyejulikana, akafa kwa kichaa cha mbwa. Nilimwona baba yake kwenye mkutano. Alikaa mbele, na watu wakamwachia benchi zima. Mtendaji wa kata alitangaza amri: mbwa wote wasio na mwenyewe watapigwa risasi, na kila kaya isizidi mbwa wawili. Daktari alisimama akaeleza kwamba wake wote wamechanjwa, tofauti na mbwa wengi wa waliokuwa wamekaa pale. Mtendaji akamwuliza kaya yake ina watu wangapi.

"Mimi peke yangu."

"Basi mbwa wawili, mama. Wengine nakupa miezi miwili uwatafutie wenyewe."

Alikuwa na mbwa kumi na tisa. Alikuja kibandani kwangu kesho yake, akakaa juu ya kopo la rangi, akasema anataka bango.

Tulibishana juu ya maneno karibu asubuhi nzima. Yeye alitaka chanjo iwe ya kwanza, kwa sababu mtoto alikuwa amekufa. Mimi nilimweleza kwamba bango lina mstari mmoja tu unaosomwa na mtu asiyesimama, na mstari huo lazima uguse kitu anachokitaka tayari. Nilikuwa na hakika. Nilikuwa nimesoma hayo kwenye vitabu na kuyajaribu kwa miaka. Nikatoa daftari langu la faida nikazipanga upya, na juu kabisa, kwa herufi nyekundu za urefu wa kiganja, nikaandika: HUUZIWI, UNAPEWA. Chini yake, kwa rangi nyeusi: mbwa wazima, wamechanjwa, wamefungwa kizazi, wamezoea watu, hawali kuku.

Alisoma akasema, "Inaonekana kama tunawatupa."

"Inaonekana kama zawadi," nikamwambia.

Nilichora mabango mawili. Moja tuliliweka mnadani, jingine kwenye njia panda ya kwenda machimboni. Watu waliyapiga picha wakazisambaza kwenye simu.

Kwa wiki ya kwanza hakuja mtu. Wiki ya pili wakaja wanaume wawili, wenye mashati safi na vumbi jeupe la mawe kwenye kope. Walikuwa na adabu sana. Walipita kwenye mabanda polepole. Waliruka mwenye kilema, wakaruka wenye mabaka, wakasimama mbele ya dume jeusi lisilo na doa.

"Huyu kweli hajawahi kununuliwa?" mmoja akauliza. "Tangu azaliwe?"

"Hapa hakuna aliyenunuliwa," Daktari akajibu.

"Na wewe unamtoa kwa moyo?"

"Kwa moyo mweupe. Naandika kabisa."

"Basi andika, mama."

Nilikuwepo. Niliona ajabu kidogo kwamba hawakuuliza kama anabweka, wala hawakuitaka kadi ya chanjo, lakini karatasi waliikunja vizuri wakaitia kwenye mfuko wa nailoni. Nilijieleza kwamba wachimbaji wanalala na viroba vya mawe, mawe yana dhahabu, mawe yanaibwa; mbwa anahitajika. Maelezo yalitosha. Baada ya hao wakaja wengine, na wengine. Katika mwezi mmoja walitoka mbwa kumi na mmoja, tisa machimboni, mmoja kwa mjane mfuga kuku, mmoja kwa jirani yangu mwenye mashine ya kusaga. Daktari alinenepa uso. Aliniambia bango langu limefanya kazi ambayo yeye hakuiweza kwa miaka minne, na mimi nikafurahi, tena sana.

Alikuwa na desturi ya kuwatembelea mbwa waliotoka. Machimboni kulikuwa mbali kwake, na mimi nilikuwa nimepata kazi ya kuchora namba kwenye mashine za kusaga mawe upande wa Nyarugusu. Nikamwambia nitawaona kwa niaba yake. Nilinakili orodha: rangi, jinsia, jina la aliyechukua.

Kwenye duara la kwanza, yaani shimo lao la kuchimbia, niliwakuta watu wanne chini ya turubai na wa tano kwenye winchi ya kamba. Nikawasalimu kwa Kisukuma, "Mwadila," wakaitikia. Nikasema nimetumwa na mama wa mbwa.

"Mbwa yupi, mzee?"

"Dume jeusi."

"Ah. Yupo kazini."

"Wapi?"

Akaelekeza kidevu kwenye mdomo wa duara. "Chini."

Nikauliza anashukaje. Wenzake walikuwa wameanza kucheka.

"Alishuka mara moja tu," akasema. "Hajaomba kupanda."

Mwenye duara aliwanyamazisha, akanipa ndoo iliyofudikizwa nikalie. Alikuwa mtu wa umri wangu, mtaratibu, na alinieleza kama mtu anavyomweleza mwenzake wa kazi. Walikuwa wametoa kafara ya mbuzi wanne na ng'ombe mmoja bila kuona kitu. Mganga akawaambia wanajisumbua, kwa kuwa mbuzi ana bei, na aliye chini ya ardhi hapokei kitu chenye bei. Anataka kiumbe ambaye hajawahi kununuliwa tangu azaliwe, wa rangi moja, aliyetolewa na mwenyewe kwa hiari.

"Sasa niambie wewe," akasema, "utampata wapi mnyama asiye na bei siku hizi? Kuku ana bei. Njiwa ana bei. Mbwa wa jirani ukimwomba leo anataka umwachie chochote, hicho chochote tayari ni bei. Tumehangaika. Ndipo huyu mwenzetu akapita njia panda akasoma lile bango."

Akautamka mstari wa kwanza, bila kukosea.

"Aliyeandika vile ana akili," akasema.

Nikamwambia ni mimi. Sijui kwa nini nilisema. Akasimama akanipa mkono, na nikaupokea. Nimefanya mambo mengi ya kijinga maishani, lakini nikihesabu, naanzia mkono ule.

Nilimwuliza mbwa aliuawaje. Akasema hakuuawa, mganga alikataza damu. Walimshusha kwa kamba, wakamweka kwenye kijishimo cha pembeni, wakaziba kwa mawe, na walitakiwa wasianze kupasua mwamba mpaka anyamaze.

"Alichelewa," akasema yule wa kwenye winchi. "Kazi ilisimama siku mbili. Tulimwita mvivu wa kufa."

Juu ya kichwa chake, kwenye nguzo ya winchi, kulikuwa na mfuko wa nailoni uliofungwa kwa waya. Ndani yake niliona muhuri wa Daktari na maneno moyo mweupe.

Nilikwenda kwenye maduara mengine. Ningeweza kurudi nyumbani, lakini nilikuwa na orodha, na orodha nikiianza naimaliza. Kati ya tisa niliyaona saba. Nguzo saba, karatasi saba. Kwenye moja ya maduara hayo walikuwa wamepata dhahabu kweli wiki moja baada ya mbwa, na habari hiyo ilikuwa imefika kila mahali, kwa hiyo waliobaki wote walikuwa wanajua njia ya ghalani. Hawakunificha kitu. Hakuna aliyeona kuna cha kuficha. Walinipa soda.

Nilipokuwa nawasha pikipiki, niliyoiacha kwenye duara la kwanza, mwenye duara lile akaniita. "Na wewe una mbwa?"

"Ninaye."

"Ulipewa pale pale?"

"Ndiyo."

"Rangi gani?"

"Kahawia," nikasema. "Mwili mzima." Nimezoea kujibu swali kwa ukamilifu.

Daktari nilimwambia palepale ghalani, amesimama, ana sufuria ya dagaa mkononi. Nilimwambia kwa utaratibu, kuanzia duara la kwanza. Hakuniuliza swali hata moja mpaka nilipofika kwenye siku mbili. Hapo akauliza, "Yule jike mdogo mweupe naye?" Nikasema ndiyo. Akaiweka sufuria chini. Mbwa wanane waliobaki walikuwa wanatutazama kwa sababu ya dagaa.

Alikwenda kwa mtendaji nami nikamsindikiza. Mtendaji alisikiliza mpaka mwisho, akaomba kuona nakala ya ile karatasi, akaisoma.

"Mama, ulitoa mwenyewe. Kwa maandishi. Mbwa ni wao."

"Waliahidi kuwatunza."

"Wapo chini ya ulinzi," akasema, na karani wake akaangalia dirishani ili asicheke. "Mimi nilitaka mbwa wapungue. Wanapungua. Umebakiwa na wiki tatu."

Tulifuta mstari wa kwanza kwenye mabango yote mawili. Tukajaribu kuwapa watu tunaowajua tu, bila bango. Lakini wiki hiyo hiyo nikagundua kwamba jirani yangu wa mashine ya kusaga alikuwa amekwisha kumpeleka mbwa wake kwa mkwewe, mchimbaji. Nilimkuta amepakaa unga mpaka nyusi.

"Mkwe akiomba utamnyima?" akaniambia. "Tena mbwa wa bure. Ungekuwa wewe ungemnyima mkwe mbwa wa bure?"

Siku mbili baadaye nilirudi nyumbani mchana nikamkuta mke wangu amekaa kizingitini na mbwa amembana kati ya magoti, ameshika ile shingo isiyo na manyoya. Wanaume wawili walikuwa wamekuja. Walimwamkia vizuri, wakamwita mama, wakamwambia wamemletea mbuzi jike mwenye mimba. Si kununua, walisema, hapana. Wao wanatoa mbuzi kama zawadi, na yeye, akipenda kwa moyo wake, anatoa mbwa kama zawadi.

"Ukawaambiaje?"

"Nikawaambia mbuzi wao apite akamsalimie mganga." Sauti yake haikuwa sawa. "Lakini walipoondoka, huyu mjinga akawafuata. Anatikisa mkia. Walimwita tu kwa mdomo, akaenda. Nimemkuta karibu na barabara. Wewe si ulisema anajua watu?"

Wazo lilinijia hapo. Kama tatizo ni kwamba hana bei, atiwe bei. Nilikwenda kwa Daktari nikamwambia awauze wote, kwa shilingi mia, kwa chochote, mbele za watu. Mbwa aliyenunuliwa, hata kwa sarafu moja, hatawafaa tena wachimbaji.

Alikataa kwa muda mrefu. Alisema amewaponya watu wengi tabia ya kuona mnyama ni mali tu, na sasa anaambiwa bei ndiyo itakayomwokoa mnyama. Mwisho akasema, "Haya. Mnada upo lini?"

Tulikwenda na mbwa wanane kwenye pikipiki yake ya matairi matatu, na mimi nikatembea na wa kwangu. Tukasimama pembeni mwa zizi la ng'ombe. Nilianza mimi. Nilitoa sarafu ya shilingi mia nikaishika juu, nikamwambia Daktari kwa sauti kwamba nanunua mbwa huyu wa kahawia. Akapokea, akaandika risiti, akagonga muhuri. Watu walikusanyika wakacheka mpaka dalali wa ng'ombe akaacha kunadi.

"Mzee ananunua mbwa wake mwenyewe," mmoja akasema.

"Kesho atamtolea mkewe mahari mara ya pili."

"Mama Daktari, na sisi tununue nini, viroboto?"

Wachimbaji walikuwepo. Niliwaona wanasoma risiti mkononi mwangu, wanaangalia wale wanane, wanahesabu kimoyomoyo kwamba hao nao wametiwa bei, wamekwisha kuharibika. Walituacha. Hilo lilifanikiwa. Lakini wakulima na wafugaji nao hawakununua, kwa sababu hakuna mtu katika nchi hii yetu anayenunua mbwa, na mtu angeonekana mwendawazimu kutoa sarafu kwa kitu anachoombwa akichukue kila mwaka. Nilifahamu hilo kabla. Nilidhani aibu ya sarafu ni ndogo. Nilisimama pale mpaka ng'ombe wa mwisho wakaondoka, nikisoma kwa sauti faida zile zile nilizoziandika: wazima, wamechanjwa, wamezoea watu. Zote zilikuwa kweli.

Mke wangu alikuja jioni, akitokea sokoni na kikapu. Aliwapita mbwa wote, akasimama kwa kikongwe mmoja mwenye jicho moja, wa mabaka, ambaye hata wachimbaji hawakumtaka.

"Huyu anakula sana?"

"Hana meno," Daktari akasema.

"Basi atatufaa. Na fundi naye yanakwenda hayo." Akampa sarafu.

Kwa amri ya kata tulikuwa tumefika kikomo, wawili. Daktari naye abaki na wawili. Watano walikuwa wamezidi.

Watu wa bunduki walitarajiwa Jumatatu. Siku moja kabla, watu walipokuwa wakitoka kanisani, Daktari alinipigia simu niende ghalani. Alikuwa amevaa koti lake jeupe la zamani, na sindano tano zilikuwa zimepangwa juu ya kitambaa.

"Nimeona mbwa wakipigwa risasi," akasema. "Anayepiga huwa hajui, anapiga mgongo. Mimi najua pa kuchoma. Nahitaji mtu wa kushika."

Nikaketi chini, nikanyoosha miguu. Alinitazama akauliza kama naweza. Nikamwambia nimeshika tangu nina miaka minane.

Alikuwa amewachagua wawili wa kubaki naye. Sikumwuliza kwa kipimo gani. Watano waliletwa mmoja mmoja kutoka kwenye mabanda, na kila mmoja alikuja kwa miguu yake, mkia unacheza, akajilaza mapajani mwangu kwa sababu alinijua. Hapakuwa na wa kufukuzwa wala wa kufungwa mdomo. Hiyo ndiyo faida ambayo sikuwa nimeiandika: mbwa aliyezoea watu hatoroki. Wa tatu alinilamba mkono uliokuwa umemshika, na Daktari akasubiri amalize. Ilichukua chini ya saa nzima. Kisha tukachimba shimo nyuma ya ghala, mimi kwa sururu, yeye kwa koleo, na Jumatatu watu wa bunduki walipofika aliwaonyesha udongo mpya, wakasaini kwamba kazi imefanyika.

Ghala sasa linahifadhi alizeti. Daktari amehamia kwa mdogo wake Shinyanga, na wale wawili alikwenda nao. Hutuma salamu, lakini hajaniuliza habari za bango.

Bado nawaambia watu wachukue mbwa mzima aliyeachwa badala ya kuomba mtoto wa mbwa na kumlisha pilipili, na nikiulizwa sababu nazitoa zote. Kikongwe wa jicho moja aliishi kwetu mwaka mmoja na nusu. Wa kahawia yupo mpaka leo, amekuwa mweupe mdomoni. Kwenye geti langu, mahali ambapo watu wengine huandika mbwa mkali, nimeandika kwa herufi nyekundu za urefu wa kiganja: MBWA HUYU AMENUNULIWA.

Wageni hucheka. Wiki iliyopita alisimama mtu mmoja ambaye hakucheka. Alikuwa na vumbi jeupe kwenye kope. Alisoma, akanisalimu, akauliza nilimnunua kwa nani. Nikamwambia, nikaingia ndani nikamletea risiti. Aliukagua muhuri, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema samahani kwa usumbufu.

Mbwa alimsindikiza mpaka barabarani, anatikisa mkia. Nilisimama getini nikimwita mpaka akarudi.